Vichwa Viwili, Ubao Mmoja

Jumatatu, mwisho wa Oktoba. Antwerp.

Padri kaniambia niandike. Anasema tangu Neel afe nimeacha kuongea, na mtu asiyeongea hugeuka gogo. Nikamjibu gogo halipigi kelele kanisani. Hakucheka.

Herufi nilifundishwa na Neel mwaka tuliooana, kwa mkaa, juu ya meza ya jikoni. Basi naandika. Leo tumebeba bia. Mvua.

Jumatano

Mvua. Mgongo unauma.

Ijumaa

Tumepeleka pipa kwa Fundi Lenaert, mchoraji. Pipa huning'inia kwenye mti, mimi hubeba mbele, mwenzangu Krijn nyuma. Ndivyo tulivyo tangu ujana, nimemsikia mgongoni kwangu kuliko nilivyomwona. Tukalitua. Fundi akawa ananizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mzee, hebu inama tena."

"Pipa liko chini."

"Inama bila pipa."

Nikainama. Krijn akaanza kucheka.

Fundi anachora wazee wawili wa hadithi za kale. Migongo ya wazee wengine, anasema, imepinda kwa miaka, wangu umepinda kwa kazi, na ndio anaoutaka. Siku ambazo hakuna mapipa nije nikae karibu na jiko lake, nipewe na supu.

"Watakuchora uchi, ujue," Krijn akaniambia njiani.

"Atakayeinunua atajuta."

Jumanne, baada ya Watakatifu Wote

Siku ya kwanza kwa Fundi. Sikuvuliwa nguo. Nimepewa shati bovu kuliko langu.

Mwanamke wa picha ni mjane, Maaiken, anauza utumbo sokoni. Mfupi, mikono myekundu imepasukapasuka kwa maji ya chumvi. Kaniangalia juu hadi chini.

"Huyu ndiye mume wangu?" akamwuliza Fundi.

"Ndiye."

"Nilitegemea mwenye meno."

"Ninayo," nikasema.

"Kumbe na sauti unayo."

Hadithi yenyewe Fundi kaitoa akichanganya rangi. Miungu miwili ya kale, Jupita na Merkuri, walitembea duniani wamejifanya maskini. Kila mlango walifukuzwa. Wazee wawili wakawafungulia, Filemoni na mkewe Baukisi. Mimi nilidhani ni yule Filemoni wa barua ya Paulo. Siye. Wakawapa kabeji, mayai, divai chachu. Mwisho wakataka kuwachinjia bata bukini wao mmoja tu waliyekuwa naye. Bukini akakimbilia miguuni kwa wageni. Hapo ndipo wageni wakajitaja kuwa ni miungu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikasema. "Hawa nusura wamalize hadi bata."

"Subiri. Wakaambiwa waombe wanachotaka. Wakaomba wafe siku moja, mmoja asimzike mwenzake."

 Neel hakunisubiri. Mume wa Maaiken alizama Zelandi, hata siku yenyewe haijui. Hilo kalisema yeye mwenyewe, kama anayetaja bei ya maini.

Kisha akaongeza kuwa picha ikiisha yeye anakwenda Mechelen. Dada yake yuko kule kwenye nyumba ya Mabegina, wale wanawake wanaokaa pamoja wanasali, hakuna mume wala mkuu wa kuwatuma. Amewekewa kitanda. Atahamia Kwaresima, maana Kwaresima hakuna anayenunua utumbo.

Aende.

Alhamisi

Fundi kaleta bukini wa picha. Nyumbani kwake mpishi wake kila akimwona ananoa kisu, maana sikukuu ya Mtakatifu Martino inakaribia na mji mzima unakula bukini. Kwa hiyo nimepewa mimi nikamtunze. Kuna kibanda nyuma ya chumba changu.

Ananiuma. Anatembea kifua mbele, anadharau kila mtu. Nimemwita Gavana.

Jumamosi

Leo Fundi katuchora vichwa tu, mimi na Maaiken, kwenye ubao mmoja wa mwaloni. Vichwa hukaa karakanani, anasema. Akihitajika mtume, kichwa kinashushwa. Akihitajika mchungaji, hicho hicho. Mtu anaweza kufa na kichwa chake kikaendelea kufanya kazi miaka.

Kichwa changu kinatazama chini, kwa bata. Cha Maaiken kinanitazama mimi.

"Mbona yeye hamtazami bata?" nikauliza.

"Kwa sababu mke ameshawatambua wageni," Fundi akasema. "Anataka kumwambia mumewe. Mume bado anaona bata tu."

Kwenye picha kubwa Maaiken amenishika kifundo cha mkono anizuie kumkamata bata. Mkono wake ni mkavu, una joto. Tulikaa hivyo hadi mwanga ukaisha.

Mtakatifu Martino

Mji wote unanuka bukini wa kuoka. Krijn kaja na mkate na haradali.

"Niko tayari," akasema.

"Tayari kwa nini?"

"Kwa Gavana, bwana. Usijifanye."

Nikamwonyesha mlango. Kaacha haradali.

Jumapili

Chumba baridi. Supu haina ladha. Neel ndiye aliyejua kipimo cha chumvi. Mimi naogopa kuitia tu, basi siitii.

Jumatano

Balaa. Kwa Fundi picha moja huchorwa na wengi: watu anachora yeye, wanyama anachora Joos, mwingine matunda. Leo Joos kaja kwa ajili ya bata. Nikamtoa Gavana kikapuni. Joos akakaa chini, akashika tumbo.

"Huyu ndiye bukini wa fukara? Lenaert, huyu ni askofu!"

Fundi akanigeukia. "Umemlisha nini?"

"Shayiri."

"Kiasi gani?"

"Kiasi anachotaka."

Hapo nikamwona Maaiken anatazama dirishani. "Na mimi nilikuwa nampitishia maganda na mabaki ya mkate," akasema. "Asubuhi, huyu mzee akiwa kazini. Nilijua mwanamume hatamlisha."

Ndivyo tulivyo huku. Ukipewa bukini Novemba, mkono wenyewe unamnenepesha, hata kama huna nia ya kumla. Tangu utoto tumefanya hivyo.

"Mwili umpungue," Joos akasema. "Shingo ionekane, na mifupa. Nitarudi akiwa na njaa."

"Asilishwe?" nikauliza.

"Akilala njaa ataumwa," Maaiken akasema kwa ukali. "Atembezwe."

Alhamisi

Tumemtembeza Gavana gatini. Maaiken kushoto, mimi kulia, yeye katikati. Wabeba bia wote wakasimama kututazama.

"Harusi lini?" mmoja akapiga kelele.

"Mshenga ndiye huyo katikati!" Krijn akajibu.

Maaiken akawaambia waume wa kweli wako kazini saa hizi. Wakarudi kwenye mapipa. Ana ulimi kama kisu cha kuchunia. Nimekipenda, hicho kisu.

Ijumaa

Tumetembea.

Jumamosi

Tumetembea. Gavana kamuuma karani wa forodha.

Jumanne, Desemba

Baridi imekaza. Mtoni vipande vya barafu vinagongana, mashua hazipandi, bia haishuki. Hakuna kazi. Krijn naye kaja kwa Fundi kutafuta joto la jiko, na Fundi alipoona ndevu zake akamkalisha kwenye kiti. Sasa Krijn ndiye Jupita.

"Mimi ni mungu mkuu," akaniambia. "Wewe mwenyeji tu. Leta bia."

"Wewe umejifanya maskini. Kaa kimya kama maskini."

"Ule mguu wako usogeze, unaniziba utukufu."

Maaiken kacheka hadi Fundi akaweka brashi chini. Akicheka mkono wake unatetemeka juu ya mkono wangu.

Ijumaa

Tumetembea hadi lango la kaskazini na kurudi. Theluji. Gavana anaipenda. Maaiken kaeleza kitanda chake cha Mechelen, dirisha linatazama bustani. Anasema Mabegina wana kengele nzuri.

Kengele hata hapa zipo.

Hilo sikulisema. Naliandika.

Krismasi

Maaiken kaniletea utumbo uliochemshwa, kwenye chungu, chini ya shali. Nikaonja. Chumvi! Kama umemeza mto Scheldt pale unapoingia baharini.

"Vipi?" akauliza.

"Nzuri."

"Mbona macho yanatoka machozi?"

"Moshi."

Hakuna moshi chumbani kwangu. Alijua. Kakaa kidogo, kaangalia mezani palipo na alama za mkaa za Neel. Sikuzifuta kamwe. Akapitisha kidole pembeni yake bila kuzigusa.

"Aliandika vizuri," akasema.

Chungu nimekimaliza jioni. Nimekunywa maji hadi sasa.

Wafalme Watatu

Karakanani wamekata keki yenye haragwe moja ndani, anayelikuta ndiye mfalme wa siku. Krijn kalipata, kavikwa taji la karatasi. Kila akinywa tulipiga kelele, "Mfalme anakunywa!" Kanywa sana. Mungu mkuu, na mfalme, na kesho hana hela ya kuni.

Jumatatu, Januari

Joos kaja. Gavana kapungua, shingo kama fimbo. "Sasa huyu ni fukara," Joos akasema, na akamchora siku hiyo hiyo, haraka, akiongea naye kwa upole mno. Wanyama anawaita wanangu. Watu anatuita nyie.

Kazi ya kumtembeza imeisha.

Jumanne

Tumemtembeza hata hivyo. Maaiken kasema akikaa bure miguu itamganda. Nikasema ni kweli.

Alhamisi

Leo habari ni ndefu.

Mwenye picha kaja kuitazama, Bwana van Hecke, mfanyabiashara wa sukari, pamoja na mkewe. Watu wa heshima, wanapendana, unaona hata wanavyosaidiana kwenye ngazi. Wakasimama mbele ya picha muda mrefu. Mke akatoa leso.

"Ndio sisi hawa," akamwambia mumewe. "Kufa siku moja. Mimi kila siku naomba hivyo hivyo."

Kisha mume akamvuta Fundi pembeni, lakini sauti ya mtu wa sukari haijui pembeni. Anataka sura zao. Filemoni awe yeye, Baukisi awe mkewe. Watu wenye uwezo hufanya hivyo hapa, hujitia kwenye hadithi za kale. Nilijua. Sikuwaza kwamba ni hii.

Fundi akakubali. Angefanyaje?

Walipoondoka akatugeukia, masikio mekundu. "Vichwa vitabadilika. Mwili unabaki. Mikono inabaki."

"Yule mama ana pua nzuri," Maaiken akasema. "Itakaa vizuri kwenye shingo yangu."

Tukarudishiwa nguo zetu. Hakuna tena kukaa kuchorwa. Njiani nilitaka kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni, neno moja. Tukafika kona ya soko, akasema haya, Gillis, na mimi nikasema haya.

Nimekuwa gogo, Padri alisema kweli.

Jumapili

Sikuandika siku kadhaa. Barafu imepasuka, mashua zimerudi. Bia. Krijn nyuma yangu anaimba. Nimemwambia anyamaze.

"Unaumwa," akasema.

"Siumwi."

"Basi sema uchungu wako ni wa wapi. Miguu? Mgongo? Mtaa wa matumbo?"

Nilisimama ghafla. Pipa lilimgonga kifuani. Haikuwa bahati mbaya.

Sikukuu ya Mishumaa, Februari

Nimekwenda kibandani asubuhi. Gavana hakutoka kuniuma. Kalala kwenye majani, ananitazama kama malkia. Nikaingiza mkono. Yai.

Nilikimbia, mimi, na goti langu hili, hadi sokoni nimelishika mkononi.

"Gavana kataga yai!"

Maaiken aliacha ndoo. Akalishika. Akalitazama, akanitazama. Tukacheka hadi wauza samaki wakaja kuuliza nani kafa.

Joos tumemkuta kwenye kilabu cha bia. "Nilijua ni jike tangu siku ya kwanza," akasema. "Hamkuniuliza."

Maaiken kalirudisha yai mkononi mwangu. "Mechelen hawafugi bukini," akasema. Akaokota ndoo yake.

Jumatano ya Majivu

Nimepakwa majivu. Sasa hakuna nyama, hakuna mayai. Gavana hajui Kwaresima, kila baada ya siku moja anataga. Nayaweka kwenye pumba. Maaiken hauzi tena. Anafua vitu vyake, anavikausha kwenye kamba dirishani. Kamba inazidi kuwa tupu.

Jumanne, Machi

Nimepeleka bia kwa Fundi. Picha imeisha. Imesimama peke yake ukutani, inasubiri kubebwa.

Ni nzuri. Siwezi kusema vingine. Krijn amekaa pale kama mungu kweli, mwanga umemtoka pembeni, huwezi kujua anadaiwa viatu. Gavana anakimbia. Na mimi nimeinama, mgongo wangu, shati langu bovu, na juu yake kichwa cha Bwana van Hecke kimenyolewa vizuri. Na mkewe pembeni. Lakini mikono. Mkono mwekundu uliopasukapasuka umeshika mkono wangu. Kucha yangu nyeusi, ile iliyobanwa na pipa, ipo.

"Mke wake alitaka mikono iwe myeupe," Fundi akasema. "Kisha akaitazama tena, akasema iache, mama yake alikuwa anachemsha sukari."

Nikauliza ubao wetu uko wapi.

Akakuna shingo. "Kanisa fulani linataka Mtakatifu Ana mzee. Kichwa cha Maaiken ndicho chenyewe. Ubao tumeukata jana."

Umekatwa kwa msumeno, katikati. Kimebebwa chake. Changu kilikuwa kwenye rafu kati ya kichwa cha farasi na cha maiti.

"Chako sijakipatia mtakatifu," Fundi akasema. "Una uso wa mtu anayebishana. Kichukue, mzee."

Nimekichukua. Nimekiegemeza mezani. Kinatazama chini. Bata hayupo.

Jumapili

Nimekwenda kwake. Kabla sijafikiri, maana nikifikiri siendi. Ubao chini ya kwapa.

Sanduku lilikuwa wazi katikati ya chumba. Kuta tupu.

"Chukua," nikasema.

Akautazama. "Nifanyie nini kichwa chako?"

"Kwenye ule ubao ulikuwa unakitazama."

Akakaa kitandani. Kitanda hakina shuka. Aliuweka ubao magotini, akafuta vumbi kwenye paji la uso wangu kwa kidole gumba.

"Gillis, Mabegina hawaruhusu mwanamume alale ndani."

"Ni mbao."

"Hata wa mbao. Kuna mmoja alikwenda na picha ya marehemu mumewe, wakamwambia aiache getini."

"Basi usiende."

Ikatoka hivyo, kavu, kama pipa lililoteleza.

"Umesemaje?"

"Nimesema usiende."

 Nje kengele zikagonga zote, nikazilaani. Zilipokoma akasema, "Imekuchukua tangu Watakatifu Wote."

"Nilikuwa naona bata tu."

Hakucheka. Alinirudishia ubao. "Nimeshawaahidi. Dada yangu ameshatandika. Mashua ni Alhamisi."

Nimerudi nao chini ya kwapa. Mtaa mzima umeniona nimebeba kichwa changu.

Jumatatu

Bia.

Jumatano

Bia. Krijn hakuimba. Hakutania hata. Alipoona nimechoka akahamia mbele, mimi nikabeba nyuma. Mara ya kwanza maishani. Nimeona kumbe na yeye mgongo umepinda.

Alhamisi

Nimekwenda gatini. Nikamchukua Gavana, kwa sababu sikutaka kusimama peke yangu kama nguzo.

Mashua ya Mechelen ilikuwa imejaa. Wanawake, vikapu, mbuzi. Sanduku lake nililiona nyuma, limeshafungwa kwa kamba. Yeye alikuwa bado kwenye mawe, shali kichwani. Gavana alimwona kabla yangu. Alikwenda moja kwa moja, kifua mbele, akajisukuma kwenye sketi yake, na kubaki hapo. Hakumuuma.

Nikafika.  Mwenye mashua akapiga kelele.

"Mama! Unapanda au unafuga?"

Maaiken akanitazama mimi. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulichosema Jumapili. Ile mara ya kwanza nilidhani una homa."

"Usiende."

"Kwa nini?"

 Watu wanatazama. Mbuzi anatazama. Nikasema kilichokuja. "Siku zote nakula supu isiyo na chumvi."

Alifunga macho. Nikajua nimeharibu. Kumbe anacheka, mabega tu, bila sauti.

"Mama!" mwenye mashua.

"Nenda zako!" akamjibu. "Huoni nina mgeni?"

Mashua ikaenda. Tukaitazama hadi kwenye kona ya mto. Ndipo akapiga kofi paja lake.

"Sanduku langu!"

Limekwenda Mechelen. Shuka, sufuria, kisu cha kuchunia, vyote. Amebaki na shali.

"Utanifuatia," akasema. "Wewe si mbeba mizigo?"

"Nabeba bia."

"Jifanye ni bia."

Jumamosi

Nimekwenda Mechelen na kurudi, na sanduku, na Krijn nyuma ya mti. Dada yake Maaiken aliniita mwizi wa Mabegina. Kisha akanipa jibini. Maaiken amepanga chumba kwa jirani yangu hadi Padri atufungishe ndoa, maana Kwaresima hawafungishi.

Padri kaniuliza kama bado naandika. Nikamwambia naandika. Akauliza na kuongea je. Nikamwambia nimeongea mara mbili.

Pasaka

Kengele. Jua.

Mayai ya Gavana yaliyowekwa Kwaresima nzima tumeyala leo. Krijn kaja, tukamkaribisha na ile haradali aliyoiacha kwangu. Kichwa changu Maaiken kakitundika juu ya meza, palipo na mwanga, kinainama kuelekea alama za mkaa za Neel. Akasema sasa kina cha kutazama.

Amepika yeye. Chumvi imezidi. Nimekula yote.